Baskeli ya umeme Pemba: kilomita si kitu, chumvi ndiyo kazi

Kitabu cha maelekezo kilichokuja na baskeli yangu kinaogopa baridi. Kinaeleza namna ya kuiingiza betri ndani usiku wa theluji, kwa nini isichajiwe ikiwa imeganda, na masafa yanavyopungua barafu ikitanda. Nimekisoma chote na nakiheshimu, maana walioiunda mashine ndio wanaoijua. Lakini mimi nakaa Wete. Hapa hakuna asubuhi hata moja ya mwaka inayoweza kuidhuru betri kwa baridi. Kinachoidhuru baskeli huku kimo hewani usiku na mchana, na kitabu kimekigusa kwa sentensi moja tu karibu na mwisho: chumvi. Mwenzake ni joto.

Ninachotaka kukieleza ni matunzo ya baskeli ya mlimani yenye mota, yale tunayoweza kuyafanya wenyewe uani, kwa vitu vilivyomo nyumbani na madukani kwetu. Na ninalolisisitiza ni moja. Ratiba ya matunzo huku isifuate kilomita kama kitabu kinavyotaka. Ifuate upepo, mvua na bahari. Baskeli iliyolala barazani wiki mbili wakati wa kusi bila kutembea hata hatua inaweza kudai kazi kubwa kuliko ile iliyopanda na kushuka vilima kila siku katikati ya kiangazi.

Kwa nini mota? Wanaoijua Unguja peke yake hudhani visiwa vyetu ni tambarare. Pemba si hivyo. Vilima vyake si virefu lakini havikwishi: unateremka bondeni penye mpunga, unapanda kwenye mikarafuu, unateremka tena. Atakaye kujua na aifuate barabara ya zamani kutoka Chake Chake hadi Wete, ile inayopinda na kupindua, akiwa amepakia mzigo. Mimi nasomesha skuli upande wa Konde. Kwenda ni asubuhi, kurudi ni jua la mchana, na mwezi wa Ramadhani kurudi huko ni kwa kiu. Rafiki aliyekuwa akifanya utafiti wa mambo ya baharini aliniuzia baskeli yake alipohama kisiwani, na tangu hapo nafika nyumbani nikiwa na nguvu ya kusahihisha madaftari. Ndiyo maana naitunza kwa moyo wote.

Tuanze na chumvi, maana ndiyo mzizi wa mengi. Chumvi ya kawaida huvuta unyevu. Hewa ikipita asilimia 75 ya unyevu, chembe ya chumvi haikai kavu tena. Huyanywa maji ya hewani mpaka ikayeyuka. Nani asiyejua kibakuli cha chumvi jikoni kinavyolowa wakati wa masika? Basi Pemba hewa ya usiku hupita kiwango hicho karibu mwaka mzima. Maana yake ni kwamba ile chumvi nyembamba iliyotua kwenye bolti na cheni mchana, usiku inageuka kuwa maji ya bahari madogo madogo, yakikaa hapo hapo na kula chuma mpaka jua lichomoze. Kuifuta baskeli kwa tambara kavu hakusaidii sana, kwa sababu chumvi inabaki kwenye mianya. Inataka kuyeyushwa na kuondoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, na hapa nasema maji ya kunywa, si maji yoyote. Visima vingi karibu na pwani vina maji ya chumvi chumvi. Onja kabla ya kuoshea. Mimi huyakinga ya mvua kutoka kwenye bati na kuyaweka kwenye pipa lenye kifuniko kwa kazi hii.

Naosha kwa kata na ndoo, brashi laini, na mswaki wa zamani kwa pembe zisizofikika. Sabuni ya kuoshea vyombo inatosha, ikitiwa kidogo. Kabla ya tone la kwanza nauzima mfumo wote, nahakikisha kifuniko cha tundu la kuchajia kimekaa sawasawa, na kama kitabu cha baskeli kinataka betri itolewe, naitoa na kuvifunika vituo vyake, pale umeme unapopitia, kwa plastiki. Maji namimina kutoka juu yakateremka yenyewe. Kamwe siipeleki kwenye zile sehemu za kuoshea magari na pikipiki. Bomba la presha linapita kwenye sili za mota na za beringi bila kizuizi, linasukuma grisi nje na kuacha maji ndani, na maji yakishaingia kwenye mota hayana njia ya kutoka. Nikimaliza natikisa, nafuta, naiweka penye upepo kivulini. Vituo vya betri navipangusa kwa kitambaa kikavu na kuvipaka vaselini kidogo mno, utando tu.

Kuna uharibifu mwingine wa chumvi usioonekana upesi. Fremu nyingi za baskeli hizi ni alumini na bolti zake ni chuma. Madini mawili tofauti yakigusana penye maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yao na alumini ndiyo inayoliwa. Utaiona kwa unga mweupe kandokando ya bolti. Ukiuacha, siku utakayotaka kuilegeza bolti haitazunguka, na ukilazimisha itakatika. Dawa yake ni ya bei ndogo: kila mwaka kabla ya kusi kushika kasi, nafungua bolti moja moja, za usukani, za kishikio cha chupa, za pedeli, nazisafisha, natia grisi kwenye meno, nazirudisha. Nguzo ya kiti nayo naichomoa, naipangusa na kuipaka upya, ila kama fremu au nguzo ni ya kaboni isitiwe grisi ya kawaida, ina pasta yake. Kazi hii inachukua nusu siku. Hakuna kazi nyingine inayonirudishia faida kama hii.

Ufukweni je? Najua hamu yake. Maji yakikupwa wakati wa bamvua, mchanga wa Vumawimbi unakuwa mgumu na mpana, na barabara ya kufika huko inapita ndani ya msitu wa Ngezi ambako kivuli chake peke yake ni zawadi. Nenda. Lakini kaa juu kwenye mchanga uliokauka kidogo, usikatize vidimbwi, na ujue kwamba ukirudi nyumbani kuosha ni leo hii, kabla ya chakula.

Sasa betri, ambayo ni sehemu kubwa ya bei ya baskeli nzima ukija kuinunua upya, na kwetu ina tabu ya ziada. Usafiri wa anga hauruhusu abiria kubeba betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160. Betri za baskeli hizi nyingi ni kati ya 400 na 750. Kwa hiyo betri mpya haiji Pemba ndani ya begi la shangazi anayerudi kutoka safari. Itakuja kwa meli, kama mzigo wa hatari, kwa makaratasi na kungoja. Kila mwezi unaoiongezea betri yako umri ni mwezi uliojiepushia safari hiyo.

Betri ya lithiamu huchoshwa na mambo mawili yakikutana: joto na kujaa. Likiwepo moja peke yake, betri huvumilia zaidi. Betri iliyojaa pomoni na kuachwa kwenye chumba cha bati mchana wa Februari inazeeka hata kama haijatembea. Watengenezaji husema ihifadhiwe kati ya nyuzi 10 na 20, ambazo sisi hatuna hata usiku wa kipupwe. Tufanyeje? Tunachoweza kukitawala zaidi ni kule kujaa. Siku za kawaida naichomoa ikifika asilimia 80 hivi, inanitosha kwenda na kurudi. Naijaza kamili nikiwa na safari ndefu, na mara moja moja ili seli zake zisawazike, maana betri ya volti 36 ni safu 10 za seli zilizofuatana, na chombo kinachozisimamia kwa kawaida huzisawazisha karibu na mwisho wa kuchaji. Ikiwa baskeli itakaa bila kazi, kama likizo ndefu, naiacha kati ya asilimia 30 na 60 na kuitazama kila mwezi. Kuiacha tupu ni hatari vilevile: hushuka taratibu yenyewe mpaka ikapita kiwango ambacho chaja itakataa kuipokea.

Mahali pa kuiweka ni sakafuni, kwenye chumba kisichopigwa na jua la alasiri. Nyumba za zamani zenye kuta nene za mawe na chokaa ni neema kwa betri. Wenye nyumba za matofali na bati watafute pembe ya chini kabisa, kamwe si juu ya kabati chini ya bati. Na isiingizwe kwenye friji, nimemsikia mtu akishauri hivyo. Ikitoka kwenye ubaridi hewa yetu huigandia maji mara moja, nje na ndani.

Kuchaji kuna adabu zake. Vitabu vingi huweka kikomo cha juu nyuzi 40, na betri nyeusi iliyoachwa uani saa saba mchana inavuka hapo bila shida. Nikifika nyumbani naiacha ipoe kivulini, naichomeka baada ya Magharibi, na naichomoa kabla ya kulala. Sichaji nikiwa nimelala, sichaji chini ya kitanda au karibu na chandarua, wala kwenye njia ya kutokea nje. Ninaweka juu ya saruji tupu. Anayekaa kwenye nyumba ya makuti achajie mbali na paa, na ikiwezekana kwa jirani mwenye sakafu na bati. Betri iliyovimba, iliyoanguka vibaya, iliyoingia maji ya bahari au inayotoa harufu isichajiwe tena hata kidogo. Itolewe nje, mbali na nyumba. Moto wa lithiamu si wa kuzima kwa kata ya maji.

Gharama ya umeme isimtishe mtu. Wati-saa 500 ni nusu ya yuniti moja ya Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ongeza kidogo kinachopotea kwa joto la chaja. Kinachonishughulisha ni kukatika kwenyewe. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme wa bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, na tofauti na enzi za majenereta ni kubwa mno, lakini umeme bado huondoka na kurudi. Unaporudi huja na mshindo, na mshindo huo ndio unaoua chaja. Mimi naichomeka kupitia kile kifaa cha kulindia friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme upite. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, na kinalinda chaja kama kinavyolinda friji.

Fundi wetu wa baskeli hapa mtaani ni mzee aliyezishughulikia Phoenix tangu ujana wake. Mara ya kwanza nilipompelekea hii alifanya kila fundi anachofanya: aliikamata kuigeuza juu chini.

"Ami, samahani, hii haigeuzwi."

"Baskeli gani isiyogeuzwa, mwanangu?"

Nikamwonesha kioo cha kusomea mwendo na chaji kilichopo kwenye usukani, ambacho kingelaliwa na uzito wote wa kilo zaidi ya 20, na vitungi vidogo vya mafuta ya breki. Breki hizi hazivutwi kwa waya, zinasukumwa kwa mafuta, na kwenye kitungi kunaweza kuwa na hewa kidogo juu. Ukiigeuza, hewa ile inapanda kuelekea kwenye mpira wa mafuta, na ukiisimamisha ukashika breki, mkono unazama bila kitu. Alisikiliza, hakubishana. Aliingia ndani akatoka na kamba, akairusha juu ya boriti ya banda lake, akaining'iniza baskeli kwa kiti. Ikakaa kwenye kimo cha macho yake. Kisha akazipiga spoki kwa kidole moja moja kuzisikiliza mlio, akaikuta iliyolegea, akaikaza, na gurudumu lililokuwa likiyumba likanyooka. Tangu siku hiyo nami nina kamba kwenye boriti. Sitaki mtu adhani kwamba baskeli yenye umeme imewapita mafundi wetu. Magurudumu, beringi za usukani, spoki, pancha, fremu, yote hayo wanayaweza kuliko mimi. Ni umeme na mafuta ya breki tu ndivyo vya kuelezana.

Cheni kwenye baskeli ya mota huumia kuliko kawaida. Mota nyingi za mlimani zinasukuma kwa nguvu ya niutoni-mita 85 hivi, juu ya nguvu ya miguu yako, na zote mbili zinapita kwenye cheni moja nyembamba. Ukifika chini ya mlima badilisha gia kabla ya kuanza kupanda, na wakati wa kubadilisha legeza miguu kidogo ili mota nayo ilegee. Kwa kufanya hivi tu cheni huongezewa umri mrefu.

Mafuta yake ni jambo la kuchagua vizuri. Oili chafu ya gari, ambayo wengi hupaka kwa sababu ni ya bure, imejaa unga wa chuma na asidi. Inailainisha cheni leo na kuisaga kesho. Mafuta ya nazi, pamoja na kuwa tunayo tele, yanachacha mwishowe, na asubuhi za kipupwe joto likishuka chini ya nyuzi 24 yanaganda hasa. Mafuta ya cherehani yanafaa kiangazi lakini mvua moja huyachukua. Kwa masika ninaagiza mafuta mazito ya cheni. Yoyote utakayotia, tone moja kwa kila pingili, zungusha, kisha futa yote yaliyo nje. Mafuta yanayofanya kazi ni yaliyo ndani ya pingili. Ya nje hukamata mchanga na kuwa msasa. Kusafisha natumia mafuta ya taa kwenye kopo, mbali na diski za breki, na uchafu wake simwagi karibu na kisima.

Kujua kama cheni imekwisha hakuhitaji kifaa. Chukua rula ya chuma au tepu ya seremala yenye inchi. Cheni mpya, kutoka kati ya pini hadi kati ya pini, hutimia inchi 12 kamili kwa pingili 24. Ikizidi kwa inchi 1/16, ambayo ni milimita moja na nusu na ushei, cheni ya gia 11 au 12 ibadilishwe. Ukichelewa itakula na meno ya nyuma, na hayo ni ghali mara nyingi zaidi. Cheni za Phoenix zilizopo madukani hazitaingia, ni pana.

Breki kwa ufupi. Diski zisiguswe kwa vidole vyenye mafuta, zipanguswe kwa spiriti. Pedi zitazamwe kila wiki wakati wa masika, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa unazila upesi, na zikibaki nusu milimita zitolewe. Na jambo moja lisilo na msamaha: kuna mafuta ya breki ya aina mbili, ya madini kama yanayotumiwa na Shimano na Magura, na ya DOT yanayotumika kwenye nyingi za SRAM. Hayachanganywi hata tone, yanaharibu mipira ya ndani. Ya DOT huvuta unyevu hewani, kwa hiyo chupa ikifunguliwa kisiwani hapa isihifadhiwe kwa mwaka ujao.

Tairi nazo: majimaji ya kuzibia matundu hukauka kwa joto, yachungulie kila baada ya miezi miwili. Ukienda upande wa Kigomasha penye maweni, chukua tyubu ya akiba, maana jiwe la tumbawe hukata ubavu wa tairi na majimaji hayazibi mkato huo. Na uwe na kile kichwa kidogo cha shaba kinachoigeuza vali nyembamba iingie kwenye pampu za kawaida. Bila hicho, pampu zote za kijiji hazina msaada kwako.

Mota yenyewe siifungui, na nashauri mtu yeyote asiifungue. Ikizima ghafla njiani, tazama kwanza sumaku ya gurudumu la nyuma, ile inayohesabu mwendo. Ikisogea kidogo tu, mota haipati habari ya mwendo na hukataa kusaidia. Kuirudisha mahali pake ni kazi ya bisibisi na dakika mbili. Ikianza kulia kwa mlio mpya, wa kusaga, hapo safari ya Unguja au Dar imeshafika. Toa betri ibaki nyumbani, ikiwa imechajiwa nusu, na baskeli ipande meli bila betri. Makarani wa mizigo nao huridhika zaidi.

Tuko wachache kisiwani wenye baskeli za namna hii, mmoja Mkoani, wawili Chake na mimi huku Wete, na tumeanza kuagiza vipuri kwa pamoja kabla ya kila masika: pedi za aina mbili, cheni, mafuta ya cheni, majimaji ya tairi, bolti za chuma kisichoota kutu. Mzigo mmoja, nauli moja. Vinavyobaki vinakaa kwenye kopo la maziwa ya unga bandani kwa fundi, na yeye ndiye anayeandika nani kachukua nini.